Wosia: niandike mwenyewe au nimlipe wakili?

Mwalimu wa Kimara

Wanajukwaa, salaam. Nina miaka 54 na nimebakiza miaka michache nistaafu ualimu. Tangu mwenzetu wa shuleni afariki ghafla mwezi uliopita, mke wangu amenikumbusha mara tatu kwamba sijaandika wosia. Mali yangu si nyingi: nyumba ya Kimara yenye leseni ya makazi, kiwanja cha Kibaha ambacho hadi leo kina karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu, gari dogo, akiba ya SACCOS, na sehemu yangu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba kule Rombo. Nina watoto wanne, na mkubwa wao ni binti niliyempata kabla ya ndoa, ambaye amelelewa na bibi yake mzaa mama.

Wakili mmoja amenitajia laki tatu, mwingine laki saba. Rafiki yangu anasema hizo ni fedha za kutupa, kwa kuwa karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu na kushuhudiwa inatosha. Naomba mliowahi kulipitia jambo hili mnisaidie kulinganisha.

Karani Mstaafu

Mwalimu, rafiki yako amesema kweli, ila ameisema nusu. Nilikaa Mahakama ya Mwanzo zaidi ya miaka 20 nikipokea maombi ya mirathi, na sikumbuki wosia uliokataliwa kwa sababu tu haukuwa na muhuri wa wakili. Uliokataliwa mbele yangu ulikataliwa, mara nyingi, kwa sababu ya mashahidi.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni sheria ipi itakayokuhusu siku ukiwa haupo, kwa sababu Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Kuna kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali Na. 436, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoachiwa na mkoloni, ambayo huweza kutumika kwa Mkristo aliyeishi mbali na mila za kwao. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi, si cheti cha ubatizo peke yake. Mtu wa Kimara mwenye kihamba Rombo, ambaye kila Desemba hupanda basi kwenda kukaa na ukoo wake, anaweza kuhesabiwa upande huu au ule.

Kwa kanuni za mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, yaani asiye ndugu. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia uandikwe kwa wino au upigwe chapa, kamwe usiandikwe kwa penseli, na uwe na tarehe.

Sasa kuhusu binti yako mkubwa, nakuomba usome hapa polepole. Kwa kanuni hizo hizo, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi upande wa baba ikiwa baba hakuacha wosia. Watoto wako watatu wana pa kushika hata usipoandika neno. Yeye anakutegemea wewe uandike. Mjane naye, kanuni hizo hazimpi sehemu yake mwenyewe, bali zinamwachia atunzwe na watoto. Kwa hiyo, uandike mwenyewe au uandikiwe, usiache kuandika.

Binti wa Same

Shikamoo Mzee Karani. Naomba nieleze yaliyotupata, kwa sababu baba yetu alikuwa na mawazo kama ya rafiki wa Mwalimu.

Baba aliandika wosia wake kwenye kurasa tatu za daftari la kaunta, kwa bic ya bluu, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma zamani. Aliukunja ndani ya bahasha ya kaki pamoja na stakabadhi za shamba, akauweka kwenye sanduku la bati chini ya vitenge vya mama. Alikuwa ametaja kila kitu, hadi cherehani na ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Walioshuhudia walikuwa wawili, rafiki yake wa kanisani na jirani yetu, na jirani huyo ndiye aliyeandikiwa kipande cha shamba cha mpakani kama shukrani kwa kumuuguza baba. Wa ukoo hakuwapo hata mmoja, na tarehe haikuwapo.

Baba mdogo aliupinga, na hakimu akaukataa. Shauri lilichukua mwaka na miezi, tukalipa nauli za mashahidi, na mwishoni tukamlipa wakili fedha nyingi kuliko ambazo baba angemlipa wakili siku ile. Bado naiona tarehe ile isiyokuwapo: juu kulia, pale alipozoea kuiandika katika barua zake zote, palikuwa patupu.

Mkazi wa Tanga

Kwa sisi Waislamu ulinganisho ni mfupi. Mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali baada ya madeni na gharama za maziko, wala mrithi hausiwi juu ya fungu lake isipokuwa warithi wenzake wakubali. Mimi niliandika mwenyewe na kumpelekea sheikh aupitie. Hata hivyo, madeni niliyaandika moja moja kwa majina, na hilo ndilo lililonichukua muda kuliko yote.

Msomaji wa Ubungo

Naomba tusimwambie Mwalimu kwamba wakili ni kinga ya kila kitu. Wosia wa mama yangu uliandikwa na wakili, ambaye sitamtaja, na ulikuwa karatasi ya mtu mwingine iliyobadilishwa majina. Namba ya kiwanja ilikosewa tarakimu moja, na ukurasa wa pili ulizungumzia “mume wa mwosia” ilhali mama alikuwa mjane wa miaka 15. Tuliyagundua hayo mama akiwa hai, Mungu ni mwema. Ukimlipa mtu, kaa naye, msome wosia mstari kwa mstari, na leseni ya makazi iwe mezani.

Wakili wa Mkoani

Msomaji wa Ubungo ana haki ya kulalamika, na mimi kama mwanataaluma nimeumia kuyasoma.

Mwalimu, kama ungekuwa na mke mmoja, watoto wa ndoa tu na nyumba moja, ningekuambia uandike mwenyewe kwa uangalifu. Hali yako ina fundo moja ambalo halionekani kwa haraka. Kanuni za mila zinataka mke aliyepo nyumbani naye aushuhudie wosia. Sheria ya 1865 inataka mashahidi wawili, na inabatilisha zawadi yoyote aliyoachiwa shahidi au mwenzi wa shahidi. Ukimweka mkeo asaini kama shahidi ili kuiridhisha mila, kisha mahakama ikaona kuwa sheria ya 1865 ndiyo inayokuhusu, utakuwa umemnyima nyumba uliyotaka abaki nayo. Laki tatu hulipwa kwa ajili ya fundo la namna hii. Wakili hana budi kukuhoji maisha yako kwanza, kisha aamue nawe wosia usimame kwenye sheria ipi na sababu zake ziandikwe humo humo. Asiyekuhoji, usimlipe.

Usiusie kisicho chako. Nyumba mliyoijenga wawili ina jasho la mkeo, na kihamba kina masharti ya ukoo. Usimwache mtoto nje kimya kimya. Mila zinataka sababu nzito, kama kujaribu kumuua mzazi au kutomtunza wakati wa njaa na ugonjwa, na mtoto apewe nafasi ya kujitetea. Mei 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha wosia uliotajwa kuwa wa mfanyabiashara Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, na miongoni mwa mambo yaliyopimwa ni afya yake alipouandika na watoto walioachwa nje. Kama una maradhi, cheti cha daktari cha siku hiyo hiyo kinasaidia sana.

Nakala halisi unaweza kuihifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, ambao pia husaidia kuandika wosia.

Mwalimu wa Kimara

Nawashukuru nyote, hasa Mzee Karani na dada wa Same. Rasimu nimeiandika mwenyewe jana usiku, kurasa mbili, na tarehe nimeianza kabla ya jina langu. Nitampelekea wakili wa laki tatu, kwa kuwa nilipompigia leo alianza kwa kuniuliza ninazika wapi.

Nimempigia pia kaka yangu Rombo nikimwomba awe shahidi wa ukoo. Aliuliza kama yule binti atakuwamo. Nikamwambia jina lake ndilo la kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Jumamosi atapanda basi la alfajiri.