Kanuni mpya za ujenzi zimekukuta mjengo uko njiani? Tupeane uzoefu

Salaam ndugu zangu. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika hapa Kenya Machi 1, 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Wengi wetu zilitukuta tuko juu ya ngazi. Naanza na yangu.

Najenga Mtwapa, ghorofa 4 za kupangisha. Mkaguzi alifika tumeshamwaga slebu ya pili. Ramani hakuigusa. Aliuliza tu, "Vipimo vya zege viko wapi?" Zile kyubu, vipande vya zege vya mchemraba vinavyojazwa siku ya kumwaga ili vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28, si jambo jipya, ila kabla ya hapo hakuna aliyewahi kunidai. Kontrakta alikuwa amejaza kyubu za msingi tu. Kazi ikasimamishwa.

Mhandisi akaja na nyundo ya kupimia, akagonga nguzo moja moja na kuandika namba kwa chaki. Nguzo 3 za nyuma zikatoka dhaifu. Siku ya kuzimwaga naikumbuka: jua kali, vijana wamechoka, maji yakaongezwa ili zege iteremke upesi. Tulipobandua kidogo, nondo zilikuwa zimeshashika kutu. Mchanga ulikuwa wa ufuoni, una chumvi. Tukazivika koti la zege na nondo mpya. Miezi 2 imepotea na benki inataka chake. Lakini sijutii: vyumba vya chini nimeviweka kwa ajili ya mama yangu.

Fundi, Kisauni: Pole kaka. Saiti ikifungwa, kibarua halipwi. Mimi wiki 3 nilikwenda baharini na shemeji yangu nikavue. Tafadhalini, mnapopiga hesabu ya mjengo wekeni na fungu la siku za kusimama.

Mama Nakuru: Yangu ni nyumba ya chini, haina ghorofa. Walitazama choo na waya za stima, wakaondoka.

Nairobi: Nilikuwa Huruma usiku wa Aprili 29, 2016. Mvua ilinyesha kutwa, jengo la kando ya mto likaanguka, wakafa watu zaidi ya 50. Tulifukua kwa mikono hadi asubuhi. Sasa najenga mwenyewe, na nikiambiwa simama, nasimama.

Mtwapa tena: Asante ndugu. Mhandisi sasa anataka slebu ya kwanza itobolewe, kipande cha zege kipelekwe maabara. Aliyefanyiwa hivyo huku Pwani, ulilipa ngapi, na majibu yalichukua siku ngapi?