Mrejesho: Muswada wa kupima visima, Maine

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama mtu asiye raia anaweza kwenda Augusta, mji mkuu wa jimbo la Maine hapa Marekani, kuongea mbele ya kamati ya bunge la jimbo kuhusu muswada wa kupima PFAS visimani, zile kemikali sumu zisizooza zilizoletwa na tope la majitaka mashambani hadi jimbo likalipiga marufuku 2022. Anaweza. Waliniuliza jina na mji ninaokaa, basi.

Aliyesema niache takwimu nisimulie kisima changu, ubarikiwe. Ila dakika tatu ni chache jamani! Zilikwisha sijafika hata nusu. Bahati maandishi nilishayatuma mtandaoni, na mjumbe mmoja akaniuliza swali kutoka humo. Kumpigia mwakilishi wangu nako kulisaidia. Zile barua pepe za kunakili kwa wajumbe wote hazikufua dafu, sikujibiwa hata moja.

Muswada haukupita, wala haukufa: umesogezwa hadi mwakani. Kosa langu ni kukosa kikao cha kamati kilichofuata, ambako ndiko walikojadili gharama na kuamua. Huko huongei mpaka uulizwe, lakini nendeni, wakuoneni mmekaa pale. Mwakani nitakuwepo. Asanteni sana.