Wanataka ekari 60 za baba kwa ajili ya sola. Tusaini?

BintiKahe
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Baba alituachia ekari 60 tambarare ya Kahe, Moshi Vijijini. Masika trekta halikanyagi, kiangazi ni vumbi tupu. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili, wakarusha droni, wakasema wanataka kujenga mtambo wa umeme jua na watakodi shamba letu miaka 25. Kwa sasa wanaomba tusaini karatasi ya kuwashikia shamba miaka mitatu wakiendelea na utafiti. Kaka zangu wamekubali. Mama hataki, kaburi la baba liko pale chini ya mgunga. Wote wananitazama mimi. Niwaulize nini hawa watu?

FundiNjiro
Pole na majukumu, dada. Kabla ya pesa, uliza huo umeme utapita wapi. Megawati moja hula ekari 4 hadi 5. Kule Garissa, Kenya, mtambo wa megawati 50 na ushee umekaa kwenye hekta 85. Kwa hiyo kwenu ni kama megawati 12. Huo hauingii kwenye transfoma ya kijijini. Unataka laini ya kilovolti 33 yenye nafasi, au uvutiwe laini yake hadi kituo cha kupoza umeme, labda Kiyungi, na kila kilomita ni gharama. Waulize TANESCO wamewajibu nini kwa maandishi.

Halafu udongo. Huo wenu kama ni wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi, kiangazi unapasuka, masika unavimba na kusukuma nguzo, safu za paneli zinapinda. Anayeijua kazi atachimba mashimo ya majaribio na kuangalia maji ya masika yanafika wapi. Droni haipimi hayo.

Na hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, hakuna kati yenu wa kusaini mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi.

MamaKingori
Mwanangu, sisi huku Meru tulisaini karatasi kama hiyo. Hawakurudi. Mwaka wa pili mume wangu akaugua, tukataka kuuza ekari tano tupate pesa za matibabu. Mnunuzi aliposoma ile karatasi akaondoka. Nilimuuguza kwa mikopo. Dai malipo ya kila mwaka wanaposhikilia shamba, na ruhusa ya kulima mpaka siku ya ujenzi. Wasipojenga, mkataba ufe wenyewe kwa tarehe iliyoandikwa. Kaburi lichorwe kwenye ramani pamoja na njia ya kulifikia. Mama yako yuko sahihi kabisa.

FundiNjiro
Naunga mkono. Iandikwe pia nani atang'oa paneli na zege baada ya miaka 25. Wakikubali malisho, wawe kondoo. Mbuzi hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya.

BintiKahe
Mungu awabariki. Mama Kingori, pole sana kwa yaliyokupata. Nimewapigia, habari ya laini wanasema watanijibu. Hati kweli bado ina jina la baba, kwa hiyo kaka wameweka kalamu chini. Jumapili baada ya ibada tunakaa na mama, kisha tunakwenda naye shambani kupima kuanzia kaburini hadi barabarani.