Pailoti ya dawa ya kichocho kwa wavuvi, watu 30 wanatosha?

mtafiti_mchanga: Wakuu habari zenu. Nipo Mwanza naandaa proposo ya masta, nataka kulinganisha praziquantel dozi moja ya 40 mg/kg na dozi mbili kwa wavuvi wa dagaa, kichocho cha tumbo. Kwanza nafanya pailoti, yaani jaribio dogo la kupima kama kubwa litawezekana. Msimamizi anasema weka 30 basi, mwingine anataka hesabu ya pawa (watu wangapi wanatosha kuigundua tofauti ya dozi kama ipo) kama jaribio kubwa, sasa kamati ya maadili niiambie nini?

kirumba_boy: 12 kila kundi, ndo kanuni ya mwanatakwimu Julious, makala yake ya 2005. Maliza masta usepe 😂

takwimu_tu: Hiyo 12 ni ya vipimo kama presha au hemoglobini, unatafuta wastani na mtawanyiko wake. Na pawa achana nayo, pailoti haipo kuonyesha dozi mbili ni bora. Wewe unachotaka kujua ni wangapi watakubali na wangapi watarudi kutoa choo cha pili cha kupimwa baada ya dawa, yaani asilimia, kwahiyo angalia ukweli unaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi. Wakirudi 24 kati ya 30 ni 80%, ila ukweli unaweza kuwa popote kati ya 66 na 94 hivi. 66 mradi umekufa, 94 unachinja mbuzi. Ukichukua 60 inabana, 70 mpaka 90.

mtafiti_mchanga: Asante mkuu. Na nikiona tofauti kubwa ya dozi kwenye pailoti siwezi kuitumia kukokotolea jaribio kubwa?

takwimu_tu: Usithubutu, kwa watu wachache hivyo inayumba sana. Tumia tofauti ambayo daktari akiiona atabadilisha tiba.

nesi_visiwani: Mi takwimu sijui ila wavuvi nawajua. Kipindi cha giza wako majini usiku kucha mchana wamelala, mbalamwezi ikikolea ndo wapo nchi kavu, wengine wanaenda kwao kabisa. Ukipanga tarehe ya kurudi bila kuangalia mwezi utasema wavuvi wagumu. Halafu usichukue watu wote wa mtumbwi mmoja, mtumbwi ukihama kambi wanapotea wote kwa mpigo. Chukua na namba ya simu ya tajiri wao, mwenye mtumbwi.

takwimu_tu: Dada hapo kwenye mtumbwi umegusa penyewe. Watu 30 wa mitumbwi mitano hawana taarifa sawa na watu 30 kila mmoja na mtumbwi wake, maana wanarudi pamoja au hawarudi pamoja. Mdogo wangu, chukua wawili watatu kila mtumbwi, panda mpaka 70 kama bajeti ya Kato-Katz (kipimo cha mayai ya kichocho kwenye choo) inaruhusu, na kwenye proposo andika kabisa ni asilimia ngapi wakirudi ndo utaendelea, kabla hujaanza.

mtafiti_mchanga: Kalenda ya mwezi naipata wapi?

nesi_visiwani: Muulize mvuvi yeyote hapo mwaloni 😄