Tupeane uzoefu: ni nini kilikufanya ushikilie msimamo wa kundi lako hata ushahidi ulipoukataa?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tusimuliane kwa uaminifu nyakati ambazo sisi wenyewe, si jirani wala mpinzani, tulishikilia jambo lililoaminiwa na kundi letu ilhali ushahidi wa kulipinga ulikuwa mbele ya macho yetu. Naanza mimi.

Nilikuwa mtunza hesabu wa kikundi kilichojiunga na mpango wa fedha ambao kila aliyeingia alitakiwa kuleta watu sita, na kila mmoja wa hao sita alete sita wake. Jioni moja mdogo wangu aliketi nami akaandika kwenye karatasi kwamba hatua ya 10 ingehitaji watu zaidi ya milioni 60, na hatua ya 13 zaidi ya bilioni 13, yaani wengi kuliko binadamu wote walio hai. Sikuona kosa lolote katika hesabu ile. Nilimwambia ana husuda, nikaikunja karatasi, na kesho yake nikaingiza watu wengine wawili. Malipo yaliposimama, waliotoa kidogo ndio waliotangulia kulalamika. Sisi tuliotia akiba yote, na hasa tulioingiza ndugu zetu, ndio tuliotetea mpango kwa nguvu zaidi, tukidai kwamba wasio na subira ndio wanaouharibu. Nikijichunguza leo naona kwamba sikuwa nikiutetea mpango wenyewe. Kukiri kuwa ni ulaghai kulikuwa sawa na kukiri kwamba mimi ndiye niliyemtia shangazi yangu mikononi mwa walaghai, na ukweli huo sikuwa na nguvu ya kuubeba.

Mchangiaji 1

Mimi ni mwamuzi wa mechi za ridhaa, kwa hiyo jambo hili nakutana nalo kila wiki. Hapo awali niliamini mashabiki wanaonizomea wanadanganya kwa makusudi. Nilibadili mawazo siku nilipotazama mkanda wa mechi pamoja na mjomba wangu, mtu mkweli kabisa, ambaye aliapa kwamba beki wa timu yake hakumgusa mshambuliaji, tukiwa tunaitazama picha ile ile. Baadaye nilisoma kwamba wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwahi kuwaonyesha wanafunzi wa vyuo vya Dartmouth na Princeton vya Marekani filamu ya mechi iliyochezwa baina ya vyuo hivyo mwaka 1951, na wanafunzi wa Princeton wakahesabu makosa ya Dartmouth mara mbili zaidi ya yale waliyoyahesabu wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Mjomba hakuwa akidanganya. Hivyo ndivyo alivyoona.

Mchangiaji 2

Pole sana, ndugu mleta mada. Mimi ni muuguzi, na kisa changu hakina walaghai ndani yake; kina watu wema waliokuwa wakifanya kazi kwa bidii.

Katika wodi niliyofanyia kazi, kila mgonjwa wa upasuaji alizuiwa kunywa hata tone la maji kuanzia usiku wa manane, hata kama zamu yake ingefika alasiri. Mwenzetu mpya alileta mwongozo uliokubalika kitaalamu unaosema kwamba kwa wagonjwa wengi maji matupu yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Nakumbuka nilivyokasirika. Sikuukasirikia mwongozo, kwa kuwa sikuwa hata nimeusoma. Nilimkasirikia yeye, kwa sababu maneno yake yalimaanisha kwamba kwa miaka yote ile niliwatesa watu kwa kiu bila sababu, tena nikidhani ninawalinda. Wakubwa wetu walisema anajifanya anajua, nami nikaitikia. Ilituchukua miezi mingi kubadilika, na mabadiliko yalikuja pale daktari mmoja mzee, aliyeheshimiwa na wote, aliposema mbele yetu, "Mimi pia nilikuwa nikikosea." Baada ya maneno hayo, kukiri hakukuwa aibu tena.

Kila nikisoma habari za Ignaz Semmelweis, daktari aliyeanzisha utaratibu wa kunawa mikono kwa dawa katika wodi ya wazazi jijini Vienna mwaka 1847, naielewa hasira ya wenzake kuliko ninavyopenda. Vifo vilipungua sana, takwimu zilikuwapo, lakini kuzikubali kulitaka kila daktari akubali kwamba mikono yake mwenyewe iliua.

Mchangiaji 3

Nimelelewa katika kundi dogo lililosubiri tarehe maalumu ambayo dunia ingefikia mwisho wake. Tarehe ilipita. Watu wa nje hudhani kwamba asubuhi ile tuliamka tukiwa tumepigwa na butwaa kisha tukatawanyika, lakini haikuwa hivyo. Tulilia pamoja, tukaimba pamoja, na kabla ya jua kutua tulikuwa tumeelezwa kwamba subira yetu imeahirisha adhabu, nami sikumbuki kuwahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo jioni ile.

Miaka mingi baadaye nilisoma uchunguzi wa mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake kuhusu kundi lililotarajia gharika kubwa tarehe 21 Desemba 1954 huko Marekani, nikahisi ninasoma habari za nyumbani kwetu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wafuasi walioungoja usiku ule wakiwa pamoja walizidi kuamini na wakaanza kuwatafuta waandishi wa habari, ilhali wengi wa waliokuwa mbali, kila mtu peke yake, imani yao ilififia. Nami nilitoka kwa njia hiyo hiyo. Sikushindwa katika hoja yoyote. Nilihamishwa kikazi, nikapata marafiki wengine, na siku moja nikagundua kwamba naweza kuuliza swali bila kuogopa kula peke yangu.

Mchangiaji 4

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu. Tusiwaone wote wanaosimama na kundi lao kuwa vipofu. Hakuna mtu awezaye kupima mwenyewe kila anachokiamini, na mimi ninaamini umbali wa jua kwa sababu tu ninawaamini walioupima. Nimewahi kuacha ushauri wa wazee wa fani yangu kwa sababu ya ushahidi mmoja uliong'aa, nikaja kugundua kwamba ushahidi ule ndio uliokuwa na kasoro. Tatizo ninaloliona ni kundi linalomwadhibu anayeuliza. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, karibu robo tatu ya washiriki walikubaliana na kundi angalau mara moja katika jibu lililokuwa wazi kuwa si sahihi kuhusu urefu wa mistari, lakini alipokuwapo mtu mmoja tu mwingine aliyetoa jibu sahihi, kufuata kundi kulipungua sana. Mmoja alitosha.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango hii, na huu wa mwisho nimeusoma mara mbili. Mchangiaji 3, nina swali. Shangazi yangu bado yumo katika mpango mwingine wa aina ile ile, nami ninayejua kila kitu ndiye asiyetaka kumsikia. Je, wakati ule kulikuwa na mtu wa nje ambaye ulimsikiliza?

Mchangiaji 3

Alikuwapo dada yangu mkubwa, aliyetangulia kutoka. Kwa miaka minne alinipigia simu kila Jumapili, akaniuliza habari za afya na za watoto, na hakuitaja tarehe hata mara moja. Wengine walinitumia makala na mahesabu, nami niliyafuta bila kuyafungua. Nilipoanza kuwa na shaka, namba niliyoipiga usiku ule ilikuwa yake, na hata hapo hakusema kwamba alijua tangu mwanzo. Aliniuliza kama nina mahali pa kulala.