Naomba ushauri: mshiko wa raketi kwa anayeanza tenisi

Wakuu, habari zenu. Nimeanza kujifunza tenisi ukubwani na mchezo umeniingia kweli. Kuhesabu pointi nimeshaelewa: 15, 30, 40, kisha gemu, na mkilingana 40-40 lazima mmoja aongoze kwa pointi mbili. Kinachonisumbua ni kuanzisha mpira. Nikishika raketi kama kwenye mipigo ya kawaida, mpira unapaa na kutoka nje. Nikiishika kama nyundo, jinsi wanavyofundisha wengi, unaishia wavuni. Je, niung'ang'anie mshiko huo hadi mkono uzoee? Halafu ile mipira yenye alama ya kijani, inayokwenda taratibu kuliko ya kawaida, inamfaa mtu mzima pia? Mliopitia hatua hii, nielekezeni tafadhali.