Ulinganisho: kuitoa Yamaha R1 na kuchukua pikipiki yenye nguvu isiyo na kava

Mteremko (Nairobi)
Wanajukwaa, salaam. Ninamiliki Yamaha R1 ya mwaka 2015, pikipiki ya mtindo wa mbio yenye kava (ganda la mbele la kukinga upepo) na mkao wa kuinama, na nimefikia hatua ya kutaka kuitoa kama sehemu ya malipo ya pikipiki isiyo na kava, yenye usukani mpana na mkao wa wima, kwa sharti kwamba nisishuke sana katika nguvu. Matumizi yangu ni Southern Bypass asubuhi za wikendi, mteremko wa Mai Mahiu kuelekea Naivasha, na mara mojamoja safari ya Mombasa, ambayo ni kilomita 480 hivi. Uwanja wa mbio sijawahi kuingia wala sina mpango huo. Katika orodha yangu zimebaki Yamaha MT-10, KTM 1290 Super Duke R na Triumph Speed Triple 1200 RS. Kinachonitatiza ni kwamba R1 ina nguvu za farasi 200 na MT-10 ya toleo la kwanza ina 160. Naona uzito kulipa nyongeza ya fedha ili nipunguziwe farasi 40. Naomba kuwasilisha.

SilindaNne (Dar es Salaam)
Mleta mada, hao farasi 40 unaowalilia wako mahali ambapo hufiki. R1 yako hutoa nguvu zake zote kwenye mizunguko ya injini 13,500 kwa dakika, na toki yake (nguvu ya msokoto) ya Nm 112 huipata kwenye 11,500. MT-10, ambayo injini yake ni ileile ya sentimita za ujazo 998 iliyorekebishwa, hutoa Nm 111 kwenye mizunguko 9,000. Yamaha waliitoa nguvu kileleni wakaileta katikati, pale inapohitajika na mtu anayelipita lori karibu na Mtito Andei bila kupunguza gia mbili kwanza. Gia ya kwanza ya R1 peke yake hupita kilomita 140 kwa saa. Ukiizungusha hadi mwisho hata mara moja, umekwisha kuvunja sheria ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki ukiwa bado una gia tano za akiba. MT-10 imepewa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) nzito zaidi na sproketi ya nyuma (gurudumu la meno la mnyororo) yenye meno mengi zaidi, hivyo huondoka kwa utulivu katika foleni na huvuta mapema.

Kiti nacho kimeshuka kutoka milimita 855 hadi 825, na kuna kifaa cha kushikilia mwendo ambacho R1 ya mwaka wako haina. Hasara zake ni uzito wa kilo 210 dhidi ya 199, na ulaji wa mafuta. Tangi ni lita 17 kwa zote mbili, kwa hiyo safari ya Mombasa panga kujaza angalau mara mbili njiani.

UpepoWaKusi (Mombasa)
Naongeza pendekezo ambalo halimo katika orodha: Kawasaki Z H2. Mleta mada anaishi mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kawaida hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. Z H2 ina kompresa ya kusukuma hewa ndani ya injini, kwa hiyo farasi wake 200 watabaki 200 hata Limuru.

SilindaNne (Dar es Salaam)
Hapana, ndugu yangu. Kompresa ya Z H2 huzungushwa na krenki kwa uwiano usiobadilika, si kwa moshi wa ekzosi kama turbo. Huibana hewa kwa kiwango kilekile popote ilipo. Ikipewa hewa nyepesi, hutoa hewa nyepesi iliyobanwa, na hasara yake Nairobi inakaribiana na ya injini nyingine. Faida yake ni kwamba inaanzia juu, kwenye Nm 137. Lakini ina uzito wa kilo 239, na mtu anayekimbia uchovu wa R1 hapaswi kuongezewa kilo 40 za kusukuma kwenye maegesho.

Hoja ya mwinuko hata hivyo ni ya msingi, na inatetea injini zenye toki kubwa. R1 ya farasi 200 hubaki na 165 hivi Nairobi. Kwa maneno mengine, mleta mada amekuwa akiendesha pikipiki ya nguvu za MT-10 miaka yote bila kulalamika.

Ruwi_Mchana (Muscat)
Mimi ningeipa KTM nafasi ya kwanza kwa barabara za milimani. Injini yake ya silinda mbili, ya sentimita za ujazo 1,301, hutoa Nm 140 kwenye mizunguko 8,000 katika toleo la 2020, na hakuna kati ya hizo nyingine inayotoka konani kwa nguvu ya namna hiyo. Angalizo langu ni matengenezo: ukaguzi wa valvu (vilango vya hewa na moshi vya injini) ni kila kilomita 30,000, ilhali Yamaha huruhusu 40,000. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi utakapomtafuta fundi mwenye vifaa na programu ya KTM. Ducati Streetfighter V4 ya 2020, kama kuna atakayeitaja, ina farasi 208, lakini silinda zake mbili za nyuma zimekaa chini ya kiti, na katika joto la digrii 40 la huku mpandaji hulijua hilo kwenye taa nyekundu ya kwanza.

Kaskazi_Stuttgart
Hakuna aliyegusa upepo, nami nashangaa. Huku Ujerumani kuna vipande vya barabara kuu visivyo na ukomo wa mwendo, kwa hiyo tumelipima jambo hili kwa shingo zetu. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 120 hadi 160 kwa saa unakaribia mara 1.8, na usukani mpana unakuweka kifua wazi kama tanga. Hadi 130 ni raha tupu, hata afueni, kwa sababu upepo hukuondolea uzito mikononi. Kupita hapo kwa saa nzima ni adhabu. Asiyeweza kuachana kabisa na kava aitazame Aprilia Tuono V4, yenye nusu kava iliyofungwa kwenye fremu.

Bisibisi (Arusha)
Mbona asibaki na R1 na kubadilisha usukani? Pikipiki hizi zisizo na kava zilienea Ulaya kupitia vijana walioangusha pikipiki za mbio, wakashindwa bei ya makava mapya, wakafunga usukani wa bomba na taa ya mviringo. Usukani wa juu, mipira mirefu ya breki na fundi makini vitagharimu sehemu ndogo sana ya nyongeza hiyo.

Mteremko (Nairobi)
Ndugu Bisibisi, nimelifikiria. Gia ndefu na injini inayodai mizunguko mingi vitabaki vilevile, na hivyo ndivyo vinavyonichosha zaidi ya mgongo. Upepo haunitishi, maana matuta na magari ya mizigo hayaniruhusu kufika huko. Triumph naiondoa kwa sababu ya uhaba wa vipuri karibu nami, ingawa toleo lake la 2021, kwa kilo 198 na Nm 125, ndilo lililonivutia zaidi. Zimebaki MT-10 na KTM.

SilindaNne (Dar es Salaam)
Basi kabla ya kuchagua, omba bei mbili kwa muuzaji: bei ya pikipiki mpya ukilipa taslimu, na bei ileile ukiitoa R1. Wengi hupandisha thamani ya pikipiki ya zamani na kuondoa punguzo la mpya, na mteja hutoka akifurahia tarakimu isiyo na maana. Kinachohesabiwa ni tofauti unayolipa tu. Tafuta pia mnunuzi binafsi ulinganishe. Andaa rekodi za matengenezo, kwa kuwa R1 za 2015 ziliitwa na Yamaha nchini Marekani kubadilishiwa gia, na mnunuzi anayejua kazi yake atauliza kama yako ilihusika. Ukimuuzia mtu binafsi, usimkabidhi ufunguo kabla uhamisho wa umiliki haujakamilika NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya.

Mteremko (Nairobi)
Nimeelewa. Jumamosi naenda kuijaribu MT-10, na KTM nitaijaribu siku hiyohiyo kwa njia ileile ili nisidanganyike na barabara.